Uvumba wa Mke Mdogo

Kwetu, ukitoka Kasulu mjini kwa njia ya Manyovu, mtu akifa watu hawakuuliza amekufa na nini. Waliuliza kama amefukizwa. Umetoka safarini, una vumbi mpaka kwenye kope, unaambiwa fulani kazikwa jana, na kabla hujasema pole unauliza, "Wamemfukiza?" Ukijibiwa ndiyo, unashusha pumzi na kushika njia yako. Ukijibiwa hapana, unatua mzigo, unatafuta pa kukaa, kwa maana hapo pana habari ya kusikiliza.

Nieleze kwa asiyejua. Uvumba ni utomvu wa mti uliokauka. Unaweka punje chache juu ya kaa la moto, unatoka moshi wenye harufu nzuri. Kanisani hutiwa ndani ya chetezo, kile chombo cha minyororo, na padri hukipungia altare, hukipungia kitabu, na mtu akifa hukipungia jeneza, kuuheshimu mwili uliobatizwa. Basi, ni hayo tu. Hakuna mahali nilipowahi kusoma kwamba moshi ni cheti. Lakini kigango chetu, maana yake kanisa dogo la kijiji ambalo padri hulipitia akipata nafasi, kilikuwa kimegundua matumizi mapya. Aliyekufa msafi alifukizwa. Aliyekufa akiwa amefungiwa sakramenti, kwa ulevi au kwa uganga au kwa ndoa isiyobarikiwa, alizikwa kavu. Ndivyo walivyosema wenyewe: fulani kazikwa kavu, kama dagaa.

Aliyegundua haya ni katekista. Sisi tulimwita Mwalimu, kama makatekista wote wanavyoitwa. Alikuwa mtu mrefu, suti ya kaunda, kalamu mbili mfukoni na moja haina wino, baiskeli ya Kichina aliyoipangusa zaidi ya alivyowapangusa watoto wake kamasi. Chetezo cha kigango hakikukaa kanisani, kilining'inia nyumbani kwake nyuma ya mlango, na uvumba ulikuwa ndani ya kopo la maziwa ya unga ambalo mke wake mwenyewe hakuruhusiwa kuligusa. Ukimkuta barabarani unamwamkia "Mwakeye, Mwalimu," kwa Kiha chetu cha asubuhi, na yeye anakuitikia kwa Kiswahili cha mimbarini, huku anakuangalia kama mtu anayepima ubao wa jeneza. Alipenda kuhubiri kwamba tuutafute ufalme wa mbinguni kwa udi na uvumba. Mimi nilikuwa nakaa nyuma nikijiambia, udi utautoa wapi wewe, na uvumba umeufungia kwenye kopo.

Nilipokuwa chuo cha uuguzi nilikuta katika kamusi ya Kiingereza kwamba neno lao la uvumba, likigeuka kuwa kitendo, maana yake ni kumpandisha mtu hasira. Nilicheka peke yangu bwenini. Nikajiuliza Waingereza walipita kigangoni kwetu lini.

Mama yangu alikuwa mke mdogo. Baba alifunga ndoa kanisani na mke wake wa kwanza, ambaye sisi watoto wote tulimwita Mama Mkubwa, na baadaye akamleta mama yangu bila pete, bila padri, kwa ng'ombe na pombe ya ndizi. Nyumba mbili, kiwanja kimoja. Mama Mkubwa alikuwa na pete, na benchi la mbele, na uenyekiti wa chama cha wanawake wa kigango. Mama yangu alikuwa na ufagio. Kila Jumamosi alifagia kanisa ambalo Jumapili halikumpa komunyo, na Jumapili akakaa nyuma kabisa, karibu na mlango. Nilimwuliza siku moja kwa nini anajitesa hivi. Akasema anakaa pale kwa kuwa padri akifukiza, moshi hutafuta mlango, kwa hiyo humpitia yeye kabla haujatoka. "Moshi haujui kama nina pete," alisema. Nilimwona mjinga. Nilikuwa msichana wa sekondari, na wasichana wa sekondari wanajua kila kitu.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini Baba aliota kidonda mguuni. Mimi wakati huo nilikuwa nesi katika hospitali ya Kibondo, nimeolewa bomani na Mwislamu wa Ujiji aliyekuwa akiuza vitenge na chumvi sokoni, kwa hiyo nami nilikuwa nimefungiwa, ila mimi sikukesha nikilia kwa ajili hiyo. Tulimtibu Baba mpaka tukachoka. Alikataa kukatwa mguu, akasema hawezi kufika mbele ya Mungu akirukaruka. Akarudishwa nyumbani. Kidonda kikaoza, na harufu ikawa ya kukimbiza, mpaka mbwa akaacha kulala kizingitini.

Mama Mkubwa akaamua mgonjwa ahamishiwe nyumba ya mama yangu. Alisema kule kuna hewa. Nyumba ya mama yangu ilikuwa na dirisha moja, nalo limezibwa na gunia. Lakini mke wa pete akisema kuna hewa, hewa ipo. Basi mama yangu akamchukua yule mzee, akamwosha asubuhi na jioni, akafua matambaa yake mtoni, akamlisha uji kwa kijiko. Mama Mkubwa alikuwa anakuja kusimama mlangoni, ncha ya kanga imeziba pua, anauliza, "Ameamkaje?" kisha anaondoka kabla hajajibiwa.

Mume wangu alipokwenda kumjulia hali mkwewe hakwenda mikono mitupu. Alipeleka sukari, sabuni, na ndani ya kipande cha gazeti, ubani. Kwao Ujiji ubani ni kitu cha kila siku, kama chumvi. Mtoto kazaliwa, ubani. Kuna kisomo, ubani. Nyumba imefungwa muda mrefu, ubani. Hata kile unachompa mfiwa mkononi wanakiita ubani. Akamwambia mama yangu, "Mama, choma kidogo kwenye kigae, mgonjwa atapumua vizuri." Mama akaunusa ule utomvu, akanitazama, akasema kwa Kiha kwamba hii ni harufu ya kanisani. Nikamwambia ndiyo, kitu ni kilekile, kinatofautiana jina na kopo tu.

Nilikuwepo siku alipouchoma kwa mara ya kwanza. Alianza alfajiri. Alibadilisha shuka, akaosha kidonda, akatandaza majani ya mgomba sakafuni, akafukiza chumba chote, pembe kwa pembe. Nikamwambia, Mama, unahangaika, mzee mwenyewe pua yake imeshazoea. Akasema si kwa ajili ya mzee. "Ni kwa ajili ya mama yako mkubwa," alisema. "Anashindwa kuingia. Mwanaume asife bila kukaa na mke wake wa pete." Kisha akanituma nikamwite.

Mama Mkubwa akaja, akasimama mlangoni kama kawaida yake, akashusha kanga puani, akaingia. Akakaa kitandani. Baba akamshika mkono. Mama yangu akatoka nje, akaenda kupalilia maharage yasiyohitaji kupaliliwa. Sijui walizungumza nini mle ndani. Najua Mama Mkubwa alitoka akiwa na macho mekundu, akapita mbele ya mama yangu bila kusema asante, akashika njia ya kanisani. Nikasema moyoni, haya, kaenda kusali.

Siku iliyofuata baiskeli ya Kichina ikaegemezwa kwenye mgomba wetu. Mwalimu aliingia akivuta hewa kama mbwa wa polisi.

"Nimepata habari," alisema. "Humu kuna kitu kinachomwa."

"Ubani, Mwalimu," akajibu mama yangu, akinyoosha na kigae ili aone. Hakujua hata kwamba anashtakiwa.

"Ubani ni wa waganga."

"Kaleta mkwe wangu. Ni kwa ajili ya harufu."

"Mkwe wako wa dini gani?"

Nilikuwa jikoni, nikatoka na mwiko mkononi. Nikamwuliza kile cha kwake nyuma ya mlango ni nini kama si hiki hiki. Akasema cha kwake kimebarikiwa. Nikamwambia basi bariki na hiki, tumalize. Akanitazama kuanzia kichwani, akasema aliyeolewa bomani hana neno katika mambo haya, kisha akakaa akala ndizi za mama yangu sahani mbili, na maharage juu yake. Nyani haoni kundule. Aliondoka akiwa ameshaandika moyoni mwake kwamba mke mdogo anafanya uganga.

Baba alipokaribia kufa, padri alikuja na mafuta matakatifu. Ili apakwe, ilimpasa kwanza aseme mbele ya mashahidi kwamba anamwacha mke asiye wa ndoa. Mashahidi walikuwa Mwalimu na Mama Mkubwa. Nami nilikuwa ukutani upande wa nje, nasikia. Baba alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini alisema yote, kwamba anamwacha, kwamba alikosa kumchukua, kwamba si mke wake. Mama yangu wakati huo alikuwa jikoni anapasha maji ya kumwoshea mguu. Padri alipotoka, mama akaingia na beseni, akamwosha kama jana na juzi. Mpaka leo nikikumbuka lile beseni natamani kupiga mtu, na aliyestahili kupigwa ameshakufa na nilimpenda.

Alipokufa alifukizwa mpaka wabeba jeneza wakakohoa. Mama Mkubwa alikaa mbele, mweusi kuanzia kitambaa mpaka viatu. Mama yangu aliwekwa na majirani.

Sasa mimi nilidhani mambo yatakuwa rahisi. Mume kafa, mitala imekwisha, mjane arudi kundini. Lo, kumbe sikumjua Mwalimu. Alisema mama arudie mafundisho tangu mwanzo, pamoja na watoto wa komunyo ya kwanza, na juu yake aongezewe adhabu kwa kosa la ubani. Basi mama yangu, mwanamke mwenye wajukuu, akawa anakaa kwenye nyasi kila Jumamosi mchana katikati ya watoto wenye kamasi, anakariri maswali na majibu. Kichwa kilikuwa hakishiki. Watoto walimnong'oneza majibu, na Mwalimu akisikia alimrudisha swali la kwanza, Nani amekuumba. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Nilipokwenda likizo nikamkuta anakariri huku anapepeta maharage, nikamwambia, Mama, achana nao hawa, Mungu hakai ndani ya kopo la maziwa. Akakasirika kweli. Aliniambia nisimvunje moyo, kwamba amebakiza kidogo.

Hakumaliza. Moyo wake ulianza kuchoka, miguu ikavimba, pumzi ikawa fupi. Nikamleta Kibondo, nikamlaza wodini kwangu, nikamhudumia mwenyewe. Ilikuwa miaka ile wilaya zetu mbili zimejaa wakimbizi wa Burundi, barabarani ni malori na magari meupe, wodini vitanda havitoshi, tunalaza wagonjwa mpaka kwenye veranda. Katikati ya kelele ile mama alinishika mkono wa gauni.

"Mwanangu, sitaki jeneza zuri," alisema. "Sitaki ng'ombe. Nifukizwe tu kama watu."

Nikamwambia nitalishughulikia, hapahapa Kibondo kuna makanisa na kuna mapadri. Akakataa. "Hapa wakinifukiza nani ataona? Nirudishe kwetu." Mnaona upumbavu ule ulivyofika mbali. Hata yeye, aliyeniambia moshi haujui pete, mwishoni alitaka moshi wenye mashahidi. Ndicho alichokuwa anakihitaji duniani, na mimi niliapa kwamba atakipata. Nikampandisha lori la chumvi la rafiki wa mume wangu, tukamlaza juu ya magunia yenye godoro, tukarudi Kasulu.

Siku ya pili nilikwenda kwa Mwalimu. Nilijipanga njiani kwamba nitazungumza kwa adabu. Hasira hasara. Nilimkuta anajaza upepo baiskeli.

"Mwalimu, mama yangu hatafika mbali. Mfungulie."

"Hajamaliza mafundisho, Nesi."

"Amebakiza nini?"

Akafikiri, akasema, "Amebakiza sehemu ya sakramenti ya ndoa."

"Mjane aliye kitandani anafundishwa ndoa ya nini?"

"Ni utaratibu."

"Na akifa leo?"

"Akifa leo tutamwombea. Kufukizwa ni kitu kingine." Akaendelea kupiga pampu yake. "Leo nikimfukiza aliyechoma ubani, kesho watakuja wote na vigae vyao. Kanisa litageuka kilinge."

Adabu yangu iliishia hapo. Nilimwambia maneno ambayo nesi hasemi, na mengine ambayo hata mama mwuza pombe hasemi, na mke wake akatoka jikoni kusikiliza vizuri. Nilimwambia kwamba siku ya kiama malaika watamkuta nyuma ya mlango amekumbatia kopo. Aliniacha nimalize. Kisha akasema, kwa upole wote wa mtu aliyeshika ufunguo, kwamba hasira yangu ni matunda ya ndoa ya bomani.

Nikaenda parokiani Kasulu mjini. Padri nilimkuta mguu mmoja uko ndani ya gari, kanzu imejaa vumbi, anawahi kambini ambako watoto walikuwa wanakufa kwa kuhara. Nilimweleza haraka haraka. Akasikitika, nasema kweli. "Ubani na uvumba ni kitu kimoja, binti yangu," alisema. "Mwalimu amezidisha. Nitazungumza naye." Kisha akaenda. Simlaumu kwa ajili ya wakimbizi, nami nilikuwa nawaona wodini kila siku. Namlaumu kwa lile "nitazungumza naye." Ni maneno wanayoyasema watu wakubwa wanapotaka umsaidie dereva kufunga mlango wa gari.

Mama alikufa kabla padri hajarudi. Alikuwa akikariri, sijui swali lipi. Niliyekuwa namshika ni mimi.

Watu walijaa, maana walijua hapa pana la kutazama. Mwalimu alikuja na kitabu peke yake. Mkono wake wa pili ulikuwa mtupu, niliuona tangu alipokuwa mbali njiani, na watu wote waliuona, wakaanza kuangaliana. Alisimama nje ya ukumbi wa nyumba ya mama, akasoma sala fupi, akaruka kurasa, akafunga kitabu. Jeneza lilikuwa juu ya viti viwili, tayari kubebwa kupelekwa migombani. Nilikuwa nimeapa kwa mama yangu, na sikuwa na kitu.

Hapo Mama Mkubwa akainuka. Alikuwa amekaa kwenye mkeka wa mbele, mahali pake pa kawaida, maana mwanamke yule hata msibani kwa mke mwenzake alikaa mbele. "Leteni moto," alisema. Wanawake wakadhani anasikia baridi, mmoja akaanza kumvika kanga. Akaisukuma. "Nimesema moto. Makaa. Kwenye kigae."

Wakaleta. Akamgeukia mume wangu, aliyekuwa amesimama na wanaume wengine pembeni, kofia yake kichwani. "Mkwe, unao ule wa kwenu?"

"Ninao, Mama." Ndiyo desturi yao, hawaji msibani bila ubani. Akatoa kikaratasi mfukoni mwa koti.

"Lete."

Mama Mkubwa akaumimina wote juu ya makaa. Moshi ukapanda mzito, mweupe. Akakishika kigae kwa ncha ya kanga, kwa kuwa kilikuwa kinaunguza, akaanza kulizunguka jeneza polepole, akipepea moshi kwa kiganja, kama alivyoona mapadri wakifanya miaka yote kutoka benchi la mbele.

"Mama, weka chini hicho," Mwalimu akasema.

"Mwalimu, kaa pembeni, moshi usikuingie machoni."

"Utafungiwa."

"Nifungie."

Hakuna aliyekohoa. Watu walivua kofia. Mzee mmoja akapiga magoti, na wengine wakamfuata, na mimi nikabaki nimesimama nimeachama, kwa maana yule mwanamke sikuwahi kumdhania wema hata wa kuazima chumvi. Kisha, nitasema kweli, nikaanza kuudharau na wema wenyewe. Nikajiambia, huyu naye anapenda tu kutazamwa. Hata mazishi ya mama yangu ameyafanya ya kwake. Lakini mama alikuwa amefukizwa, mbele ya kijiji kizima, na kiapo changu kilikuwa kimetimia kwa mkono wa mtu mwingine.

Jioni, watu walipopungua, Mama Mkubwa alinikuta uani nasuuza masufuria. Akainama, akachukua sufuria, akaanza kusuuza naye. Kiganja chake kilikuwa na malengelenge.

"Ni mimi niliyempelekea Mwalimu habari ya ubani," alisema.

Nikaacha kusuuza.

"Siku ile nilipoingia kwa baba yenu, niliona shuka safi. Kidonda kimeoshwa. Akanishika mkono, mwanangu, lakini alikuwa anaangalia mlangoni, anamtafuta mama yako. Akamwita. Mimi tangu ujana wangu hakuniita kwa sauti ile. Nikatoka nikaenda kwa Mwalimu. Nilimwambia pale ndani kuna uganga, maana nilisema bila uganga haiwezekani."

Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema, nami muda wote nilikuwa nimewashuku majirani. Ningeweza kumrushia sufuria. Badala yake nilimpa kile kilichokuwa kizito zaidi.

"Unajua alikuwa anamfukizia nani?" nikamwuliza. "Si Baba. Alikuwa anakufukizia wewe. Alisema unashindwa kuingia, na mwanaume asife bila kukaa na mke wake wa pete. Ndiye aliyenituma nikuite."

Alikaa chini, palepale penye matope ya maji ya kuoshea vyombo, na kanga yake nzuri. Hakulia. Alisema, "Hakuniambia." Nikamjibu kwamba hakuwahi kuingia akauliza. Nikamwambia pia kwamba amemfukiza maiti, na pua za maiti hazina kazi, angemwambia neno moja alipokuwa anakariri Nani amekuumba na watoto wa watu. Sikumwinua. Aliinuka mwenyewe.

Mwalimu alimfungia, kama alivyoahidi. Uenyekiti wa chama cha wanawake akapewa mwingine, na komunyo akanyimwa. Nami nilirudi Kibondo, na kila nilipopata habari za nyumbani niliuliza, kwa siri hata kwa mume wangu, kama Mama Mkubwa bado amefungiwa. Nikiambiwa bado, nilifurahi, na si kwa kumchukia. Nilianza kumhesabu kuwa mtu. Nilisema, basi yupo mmoja katika kijiji kile aliyekubali kukosa moshi kwa ajili ya mama yangu. Hata likizo moja nilimpelekea kitenge.

Mwishoni mwa miaka ile naye akafa, na nikaenda kumzika. Nilipofika nikasikia minyororo kabla sijaona kitu. Ilikuwa chetezo, kile cha nyuma ya mlango, kimepanguswa kinang'aa, na Mwalimu ndiye anakipunga, nywele zimeshakuwa nyeupe, punje anazotia si za kuhesabu. Moshi ulikuwa umejaa mpaka kwenye migomba. Nikamwuliza mwanamke aliyesimama karibu nami ilikuwaje akafunguliwa. Akashangaa kwamba sikuwa na habari. Akasema marehemu alitubu wiki zilizopita, hadharani, mbele ya kigango kizima, Jumapili baada ya matangazo.

"Alitubu nini?" nikauliza, maana nilidhani hatimaye amesema lile la kumchongea mama yangu.

"Lile la kigae," akasema. "La kumfukiza mama yako."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Kumchongea mke mwenzake hakukutajwa, wala kumtelekeza mume kwa sababu ya harufu, wala miaka yote ya kupita mbele ya mama yangu bila asante. Alisimama mbele ya watu akajutia jambo moja jema alilowahi kumtendea mama yangu, na kwa kulijutia hilo akafukizwa.